Mji wa Zamani wa Dodoma Tuutunzeje?

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme juu ya maendeleo ya mji wetu. Mtumba sitaigusa, maana Mji wa Serikali una wasemaji wengi. Nitasema juu ya eneo dogo ambalo mtu hulimaliza kwa miguu asubuhi moja: stesheni ya reli, hoteli ya zamani iliyo mkabala nayo, Jamatini, na mitaa ya maduka yenye baraza.

Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1910, na mji ukakua kandokando ya stesheni. Mwaka 1973 uliamuliwa uhamisho wa makao makuu ya nchi, na mwaka 2018 tukaitwa Jiji. Katika safari hiyo mji umekuwa ukipanuka kwenda nje. Stendi kuu ya mabasi imehamia Nanenane, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme kutoka Dar es Salaam ina stesheni yake mpya. Stesheni kongwe inapungukiwa na watu, na jengo lisilo na watu halidumu.

Wengi hudhani Serikali inayalinda majengo haya. Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Wakati huo hapa hapakuwa na reli wala duka. Jengo la baadaye hulindwa tu likitangazwa rasmi na Waziri. Basi nyumba ambayo haijatangazwa, mwenyewe akija kesho na katapila, sheria hiyo haimzuii.

Najua yatakayosemwa. Kwanza, kwamba ni vitu vya mkoloni. Mchoro wa stesheni ulikuwa wa Mjerumani, ni kweli. Lakini waliobeba mataruma na mawe walikuwa Waafrika, na hatuna kumbukumbu nyingi za jasho lao. Pili, kwamba mwenye kiwanja anataka ghorofa. Hili ni zito zaidi, nami simlaumu. Hata hivyo anaweza kubakiza uso wa mbele na baraza yake, akapandisha ghorofa kwa nyuma. Kwa jua letu la Oktoba, mnunuzi hupenda kupita kivulini.

Tena kutangazwa peke yake si dawa. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883, imo katika Mji Mkongwe ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2000, na bado sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Jengo kongwe linataka matengenezo kila mwaka, na adui wake mkubwa ni maji. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, lakini hushuka kwa kishindo. Mtaro ukijaa taka, maji hunywewa na msingi. Halafu fundi anapiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa au udongo, unyevu unakosa pa kutokea, na ukuta unaoza ndani huku nje unang'aa. Ukuta wa chokaa utengenezwe kwa chokaa. Na kuzibua mitaro, kazi ambayo zamani zetu ilikuwa adhabu ya Jumamosi, ndiyo hifadhi yenyewe ya majengo.

Pendekezo langu ni kwamba chama chetu kigharamie daftari la majengo ya mji wa zamani, na Kidato cha Tatu walifanye. Kila jengo lipimwe, lipigwe picha, na wazee waulizwe nani alilijenga na palikuwa pakiuzwa nini. Nakala moja iende Halmashauri ya Jiji, nyingine Idara ya Mambo ya Kale, pamoja na ombi la kutangaza majengo matano. Tukiomba mia hatupewi hata moja. Wenye nyumba waendewe kwanza kwa mazungumzo, si kwa barua.

Nimekuja na futi kamba mbili na daftari gumu, nami nitavikabidhi kwa mwalimu wa Historia baada ya chakula. Wanaotaka kuanza na stesheni wajiandikishe kwake leo. Ruhusa ya Shirika la Reli iombwe mapema, maana pale ni mahali pa kazi.