Mabwawa ya Elan na Maji ya Mji wa Birmingham



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya maji ya miji. Nimechagua habari za mabwawa ya bonde la Elan, katika Wales, yaliyojengwa ili kuupatia maji mji wa Birmingham, Uingereza.

Birmingham ni mji wa viwanda. Katika karne ya 19 watu wake walizidi sana, wala maji ya visima na mito ya karibu hayakuwatosha tena. Tena maji machafu yalieneza homa ya matumbo na kuhara. Basi wakuu wa mji wakatafuta mahali penye mvua nyingi, palipo juu kuliko mji, na penye mwamba usiopitisha maji. Wakaliona bonde la Elan. Mwaka 1892 Bunge likawapa ruhusa kwa sheria kuitwaa ardhi ile, na mwaka 1893 kazi ikaanza, msimamizi wake akiwa mhandisi James Mansergh.

Reli ilijengwa hata bondeni ili kuchukua vifaa. Kuta za mawe zikainuka. Ukuta wa Caban Coch una kimo cha futi 122. Kisha ukajengwa mfereji wa maili 73 hata Birmingham. Humo maji hayasukumwi kwa mashine, bali huteremka yenyewe, kwa kuwa mwanzo wa mfereji umeupita mwisho wake kwa futi 171 hivi. Tarehe 21 Julai 1904 Mfalme Edward VII, pamoja na Malkia Alexandra, akaifungua kazi hiyo.

Lakini sherehe isitusahaulishe wenyeji. Watu wapatao 100 walihamishwa, na nyumba zao, shule na kanisa vikafunikwa na maji. Kanisa jingine lilijengwa badala ya lile. Walakini fidia ya ardhi walipewa wenye ardhi tu. Wakulima waliopanga mashamba hawakupata kitu, ijapokuwa jasho lao lilikuwa katika udongo ule.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, likija shauri la bwawa katika nchi yenu, msikubali kuandika majina ya wenye ardhi peke yao. Yaandikeni na ya wanaolima, kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Maji hufuata mkondo. Haki hupelekwa na watu.