Siku Moja Katika Mji wa Kale wa Ahmedabad



Leo twapenda kuwatembeza katika Ahmedabad, mji wa nchi ya Gujarat, Bara Hindi. Sultani Ahmad Shah aliujenga katika mwaka wa 1411 kando ya mto Sabarmati. Siku hizi mji mpya umeenea ng'ambo ya pili ya mto. Lakini sisi nia yetu ilikuwa kuuona ule wa kale, nasi tuliuzunguka kwa miguu tangu asubuhi hata usiku.

Tulianza Kalupur, penye hekalu la Swaminarayan lililofunguliwa mwaka wa 1822, ambalo nguzo zake za mbao zimetiwa nakshi na rangi. Kutoka hapo tuliingia katika mitaa iitwayo "pol". Kila pol ni kama kijiji ndani ya mji: ina lango lake, na ndani yake vichochoro vyembamba, na zamani waliokaa humo walikuwa watu wa ukoo mmoja, au kazi moja, au dini moja. Mgeni akiingia bila kiongozi hupotea upesi. Katika uwanja husimama mnara mdogo wa kuwekea ndege nafaka.

Mzee mmoja alitukaribisha nyumbani kwake. Katikati ya nyumba pana ua ulio wazi juu, na chini ya ua limechimbwa birika. Mvua ikinyesha, maji ya paa hushuka humo, na zamani jamaa wote waliyanywa wakati wa kiangazi. Lakini nyumba ile ni mali ya ndugu wengi. Baadhi yao wamehamia ng'ambo ya mto, nao wataka iuzwe ili igeuzwe ghala, kama zilivyogeuzwa nyingine jirani. Mzee hataki, wala fedha ya kutengeneza boriti zilizooza hana. Katika mwaka wa 2017 UNESCO iliutia mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia, mji wa kwanza wa Bara Hindi kupata heshima hiyo. Lakini heshima haiezeki paa.

Adhuhuri tulifika Msikiti wa Jamii, uliokwisha kujengwa mwaka wa 1424. Paa lake lachukuliwa na nguzo 260, na minara yake miwili ilianguka katika tetemeko la nchi la mwaka wa 1819. Kisha tukapita chini ya lango la matao matatu, hata tukafika msikiti mdogo wa Sidi Saiyyed.

Hapo tulikaa sana. Sidi Saiyyed alikuwa Mhabeshi, mtu wa Afrika kama sisi, naye alijenga msikiti huu katika miaka ya 1572 na 1573, siku zile zile Akbar alipoitwaa Gujarat. Madirisha yake ni mawe yaliyotobolewa kama kimia. Na moja laonyesha mti ambao matawi yake yamesukana na mtende, hata mtu husahau kwamba atazama jiwe. Wakati wa utawala wa Kiingereza jengo hili lilifanywa ofisi ya serikali. Limesalia kwa sababu walitokea watu walioona ya kwamba si la kuchezewa.

Jioni tulikula Manek Chowk, uwanja ambao mchana ni wa masonara na usiku ni wa wapishi.

Wasikilizaji wetu, Unguja iko milango iitwayo ya Kigujarati, na huko ng'ambo uko msikiti wa Mwafrika. Kazi za mikono zimevuka bahari pande zote mbili. Jumba la Beit al-Ajaib lilipobomoka upande mmoja mwaka wa 2020, tulijifunza kwa machozi ya kwamba nyumba haingoji warithi wamalize shauri lao. Basi wenye nyumba za kale na wapatane mapema, wakati boriti zingali zachukua paa.

Kwaherini.