Utani wa Makabila: Namna Tofauti Zinavyosemwa bila Kuvunja Ujirani

Utani wa makabila ni uhusiano wa jadi unaowaruhusu watu wa jamii mbili tofauti kukebehiana hadharani, kubezana kwa maneno makali na hata kuchukuliana vitu vidogo vidogo bila kuomba. Wakati huohuo, uhusiano huo unaulazimisha kila upande kutokasirika na kumfaa mwenzake siku ya shida. Umeenea sana Tanzania Bara. Wasukuma na Wanyamwezi ni watani wa Wazaramo, Wangoni ni watani wa Wahehe, Wapare ni watani wa Wachagga, na kila mmoja wao anao watani wengine. Katika nchi yenye makabila zaidi ya 120, utani umekuwa mojawapo ya njia kongwe za watu wasiojuana, waliokulia katika mila zisizofanana, kuanza kuzungumza na kuaminiana.

Elimu ya mawasiliano kati ya tamaduni hufundishwa mara nyingi kama elimu ya tahadhari: usitaje hiki, usiulize kile, usije ukamuudhi mgeni. Tahadhari hiyo ina nafasi yake. Hata hivyo, utani unafundisha jambo la ndani zaidi, kwamba watu wanaotofautiana wanaweza kuzitaja tofauti zao waziwazi, mradi kuwe na kanuni zinazofahamika kwa pande zote mbili na wajibu unaoyapa maneno hayo uhalali.

Chimbuko: vita, safari na mashamba

Masimulizi ya wazee na maandishi ya watafiti yanataja vyanzo viwili vikubwa vya utani, navyo ni vita na safari.

Wangoni walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakitoka kusini, wakafika Ufipa katika miaka ya 1840. Baada ya kifo cha kiongozi wao Zwangendaba waligawanyika makundi. Baadhi yao, waliojulikana kama Watuta, walielekea Unyamwezi, na wengine wakaishia katika nchi ya Songea. Huko walikutana na Wahehe, ambao wakati huo walikuwa wanajenga dola yenye nguvu chini ya Munyigumba na baadaye mwanawe Mkwawa. Pande hizo mbili zilipigana vita vikali mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880, na hakuna upande uliofanikiwa kuumeza mwingine. Wajukuu wa wapiganaji hao ndio wanaotaniana leo. Mngoni akimwona Mhehe anakaribia nyumbani huwaamuru watoto wamfiche mbwa asije akaliwa, naye Mhehe humjibu kwa kumkumbusha jinsi babu zake walivyokimbia. Uadui uliomwaga damu umegeuzwa kuwa mashindano ya maneno, na kumbukumbu ya vita imehifadhiwa bila kuachiwa iwe kisasi.

Chanzo cha pili ni safari za misafara ya karne ya 19. Wanyamwezi walikuwa wapagazi na wafanyabiashara mashuhuri wa njia ya kati iliyounganisha Ujiji, Tabora na Bagamoyo. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, mara nyingine zaidi, kwa safari ya miezi kadhaa, akipita katika nchi za watu wenye lugha na mila tofauti na zake. Alihitaji maji, chakula na mahali pa kulala. Akiugua, alihitaji mtu wa kumuuguza, na akifa mbali na ndugu zake, wa kumzika. Jamii zilizokaa kandokando ya njia hiyo, hasa upande wa pwani kama Wazaramo na Wazigua, zilijenga utani na hao wapitaji. Mtani aliweza kuingia shambani akachuma cha kutosheleza njaa yake bila kuitwa mwizi, na mwenyeji aliposafiri kwenda bara alitarajia kutendewa vivyo hivyo.

Wakati wa ukoloni utani ulipata uwanja mpya katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka Songea, Tabora, Kigoma na kwingineko walilazwa katika kambi moja na kupangiwa kazi pamoja. Watu waliokuwa hawajawahi kuonana walihitaji namna ya kuishi bila ugomvi wa kila siku, na utani wa makabila yao ukawapa mahali pa kuanzia. Mtu aliyetaja kabila lake alijua papo hapo nani atamtania na nani atamzika.

Kanuni za utani

Kwa asiyeufahamu, utani huonekana kama matusi yasiyo na mpaka. Kwa kweli una kanuni nne zinazozingatiwa kwa makini.

Ya kwanza ni kupokezana. Anayetania lazima akubali kutaniwa, kwa ukali uleule na mbele ya watu walewale. Mchagga humwambia Mpare kwamba Wapare wako tayari kuuza ng'ombe ili waendeshe kesi ya kuku, naye Mpare humjibu kwamba Mchagga aliyekata roho hupimwa kwa kuchezesha sarafu sikioni, na asipoinuka, basi azikwe. Mzaha huo una nguvu kwa sababu kila upande una zamu yake.

Ya pili ni kutokasirika. Anayenuna hupoteza heshima mbele ya mashahidi, na katika jamii nyingine hutozwa faini ndogo, kama vile kuku au pombe. Kanuni hii inamlinda msemaji, lakini pia inamfundisha msikilizaji kuvumilia kuambiwa jinsi wengine wanavyomwona.

Ya tatu ni mipaka. Utani unahusu mambo ya jumla yanayosemwa juu ya kabila: chakula, lafudhi, ubahili, woga, ushamba. Hauhusu siri ya nyumba ya mtu wala ulemavu wa mtoto wake. Vitu vinavyochukuliwa ni vidogo, kama vile kofia, ndizi au kuku mmoja. Mtani akichukua ng'ombe ameiba, na jamii yake mwenyewe itamhukumu hivyo.

Ya nne, iliyo nzito kuliko zote, ni wajibu. Mtani ana haki ya kusema kwa sababu ana kazi ya kufanya, na kazi hiyo huonekana wazi zaidi msibani.

Mtani msibani

Watani wanapofika penye msiba hushika shughuli ambazo wafiwa hawana nguvu ya kuzifanya. Huchimba kaburi, hupasua kuni, hupika, huteka maji na hupokea wageni. Pamoja na hayo huleta vurugu iliyopangwa. Mmoja huvaa koti la marehemu na kuiga mwendo wake na namna yake ya kukohoa. Mwingine huwauliza waliao wanalia nini, ilhali marehemu alikuwa mlafi na sasa wali utawatosha. Jeneza likitolewa, mtani hukaa mlangoni na kukataa lisipite mpaka alipwe, na kaburi likiwa tayari, mwingine huingia humo na kulala chali akisema hatoki bila hela. Ndugu hutoa sarafu chache, watu hucheka huku machozi yakiwatoka, na mazishi huendelea.

Mgeni asiyejua mila hii angeweza kudhani kwamba maiti inadhalilishwa. Wafiwa wanaelewa vingine kabisa. Mtani ndiye mtu pekee anayeruhusiwa kuusema ukweli mdogomdogo wa marehemu, kulegeza huzuni isiwaelemee walio hai, na kuikumbusha familia kwamba haikuachwa peke yake. Kebehi zake zimelipiwa kwa jembe alilolishika tangu alfajiri. Mtu akitoa maneno yaleyale bila kushika jembe, atafukuzwa.

Maelezo ya wanazuoni

Utani uliwavutia watafiti mapema. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, aliandika juu ya utani wa makabila ya Tanganyika katika miaka ya 1940. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown alichapisha makala iliyokuja kuwa msingi wa mjadala mzima wa mahusiano ya aina hii. Hoja yake ni kwamba watu wengine huunganishwa na kutenganishwa kwa wakati mmoja: wana sababu ya kushirikiana, lakini pia wana sababu ya kugombana. Jamii huudhibiti mvutano huo kwa njia mbili. Ama huwaamuru wahusika waheshimiane hadi kuepukana, ama huwaruhusu wataniane hadi kuzoeana.

Njia zote mbili zinaonekana katika familia za Afrika Mashariki. Katika jamii nyingi mwanamume hakai mkeka mmoja na mama mkwe wake, wala hatamki jina lake ovyo. Mwanamume huyohuyo hutaniana na shemeji zake, na watoto wa mjomba na shangazi hutaniana wao kwa wao. Babu humwita mjukuu wake wa kike mke wangu, na mjukuu humjibu kwamba hana haja na mzee asiye na meno. Utani wa makabila umeichukua lugha hii ya ukoo na kuwapa watu wasio na damu moja. Mtani wa kabila jingine hupewa nafasi ya binamu, na tangu hapo si mgeni tena.

Nje ya Tanzania

Mahusiano ya namna hii yanapatikana sehemu nyingi za Afrika. Zambia, Wabemba na Wangoni waliopigana karne ya 19 ni watani hadi leo. J. Clyde Mitchell, katika kitabu chake kuhusu ngoma ya kalela kilichotolewa mwaka 1956, alieleza jinsi wafanyakazi wa migodi ya shaba walivyoimba sifa za kabila lao na kuyakebehi makabila mengine, huku watazamaji wa makabila hayohayo wakishangilia. Mali kuna sanankuya, ambayo masimulizi ya Wamandinka huihusisha na utawala wa Sunjata katika karne ya 13. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza utani wa Niger katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Mifano hii inatoka katika jamii zilizo mbali sana, nazo hazikuigana zote. Kila moja ilikabili swali lilelile: watu wasiofanana wataishije jirani bila kulazimishwa kufanana? Zote zilijibu kwa kuipa kebehi sheria.

Kebehi isiyo na utani

Historia ya karibu imeonyesha pia kinachotokea kebehi inapokosa kanuni hizo. Kituo cha redio cha RTLM, kilichoanza kutangaza Rwanda mwaka 1993, kilipendwa na wasikilizaji kwa muziki wake na kwa watangazaji wake wachangamfu waliojaa mizaha. Katika mizaha hiyo Watutsi waliitwa mende. Waliotukanwa hawakuwa na zamu ya kujibu wala wa kuwatetea, na hakuna wajibu wowote uliomfunga msemaji kwao. Mwaka 1994 redio hiyo ilichochea mauaji ya kimbari, na mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwatia hatiani waasisi wake wawili.

Tofauti kati ya mtani na mchochezi, basi, haipimwi kwa ukali wa maneno, kwa maana maneno ya watani yanaweza kuwa makali kupita kiasi. Hupimwa kwa maswali matatu: anayetaniwa anaweza kujibu? Msemaji na msemwa wako mahali pamoja, wakionana uso kwa uso? Msemaji atakuja msibani?

Kenya, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, sheria ya mwaka 2008 iliunda Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa na kupiga marufuku matamshi ya chuki ya kikabila. Sheria za namna hiyo ni za lazima. Lakini sheria humwambia mtu asichopaswa kusema. Namna ya kusema na jirani hujifunzwa kwa kuishi naye.

Utani katika miji ya leo

Mjini utani umebadilika. Vijana wengi hawajui watani wa kabila lao ni akina nani, na ndoa za mchanganyiko zimewafanya wengine kuwa watani wa wajomba zao wenyewe. Umbo lake jipya linaonekana katika soka. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, huitwa watani wa jadi, na siku baada ya mechi aliyefungwa hujua kwamba ofisini hatakunywa chai kwa amani. Akifiwa wiki hiyo, mshabiki wa upande wa pili ndiye atakayezungusha daftari la rambirambi.

Penye hatari zaidi ni mitandaoni na kazini. Mzaha ulioandikwa kwa mtani mmoja husomwa na maelfu wasio watani, bila uso wala sauti ya kuonyesha kuwa ni mzaha. Ofisini, bosi anayemkebehi mfanyakazi wake kwa kabila lake hatanii, kwa sababu aliye chini hana uhuru wa kumrudishia. Vivyo hivyo, mgeni kutoka nchi nyingine hawezi kutaniwa kabla hajaelezwa kanuni na kupewa nafasi ya kuzikubali au kuzikataa.

Wala haifai kuutwika utani sifa zote za utulivu wa Tanzania. Lugha ya Kiswahili, shule za bweni zilizochanganya wanafunzi wa mikoa yote, Jeshi la Kujenga Taifa na siasa ya kupinga ukabila vilifanya kazi kubwa. Mchango wa utani ni wa aina yake: uliwapa watu wa kawaida, bila kusubiri serikali, njia ya kukiri kwamba mwenzao ni tofauti na papo hapo kumchukua kuwa ndugu.

Kwa anayejifunza kuwasiliana na watu wa utamaduni mwingine, mambo manne yanatokana na yote haya. Kwanza, ajifunze kusikiliza jinsi jamii yake inavyosemwa na wengine, bila kununa. Pili, asiseme juu ya mwenzake jambo ambalo hayuko tayari kuambiwa yeye. Tatu, aulize mipaka kabla ya kuzoea. Nne, atangulize msaada kabla ya mzaha, kwa kuwa haki ya kumcheka mtu hupatikana kwa kumtumikia. Jamii inayowafundisha watoto wake mambo haya itaweza kuzitaja tofauti zake kwa sauti, na kuzicheka, bila mtu yeyote kuwa na sababu ya kuogopa.