Uonevu wa Mtandaoni kwa Wanafunzi wa Sekondari

Maelezo ya Afisa Ustawi wa Jamii katika mkutano wa wananchi wa kata



Nimepewa dakika chache kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu hulijua pale tu mtoto anapogoma kurudi shuleni likizo inapokwisha.

Tukitaja uonevu, wengi hukumbuka mabweni ya zamani, mwanafunzi mgeni akilazimishwa kufua nguo za wakubwa wake. Uonevu ule uliishia getini. Huu wa sasa humfuata mtoto hadi kitandani kwao. Picha aliyopigwa akiwa bafuni, au sauti yake iliyorekodiwa akilia, hupachikwa katika kundi la WhatsApp la darasa, na wenzake huitazama kabla hajaamka. Hawezi kujua ni wangapi wameiona. Akiingia darasani, kila kicheko hukidhani ni chake.

Mtaniambia kwamba shule zetu haziruhusu simu. Ni kweli, nami naunga mkono. Lakini kundi la mtandaoni halifungwi kwa kengele, na likizo ni ndefu. Tena katazo hilo humnyamazisha aliyeonewa, kwa kuwa akisema, ataulizwa kwanza simu ameipata wapi. Nawaomba wakuu wa shule suala la simu lisubiri. Mtoto asikilizwe kwanza.

Mtoto wa namna hii husema mara chache, ila huonekana. Hukosa usingizi, hula kidogo, alama zake hushuka, huumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi pasipo homa, hushtuka simu inapolia. Baadhi hupatwa na sonona, na wapo wanaofikia kuwaza kujidhuru. Mtoto akitamka kwamba heri asingekuwapo, tusiseme anadeka, wala tusikimbilie kudai amerogwa. Asiachwe peke yake, na afikishwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Wazazi wengi huogopa kumuuliza waziwazi kama anawaza kujiua, wakidhani watamtia wazo hilo. Hawamtii, wanampa nafasi ya kulitua.

Mzazi akigundua, hasira humtuma kufuta kila kitu na kuivunja simu. Hapo ushahidi hupotea. Hifadhini ujumbe, namba iliyoutuma, tarehe na saa. Lakini ikiwa ni picha ya utupu ya mtoto, msiitume kwa mtu yeyote, hata kwa shangazi wa kutaka ushauri. Pelekeni simu yenyewe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Sheria ipo. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia maumivu ya moyo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Aliye chini ya miaka 18 shauri lake huendeshwa kwa kufuata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mkumbuke pia kwamba laini anayotumia mwanao mara nyingi imesajiliwa kwa alama za vidole vyako. Namba ikifuatiliwa, jina litakalojitokeza kwanza ni lako.

Nasema hivyo kwa sababu anayeonea naye ni mtoto wa kata hii. Mzazi wake huja ofisini akifoka kuliko mzazi wa aliyeonewa, akisema ni utani wa watoto. Mimi humwomba ausome ujumbe ule kwa sauti. Wengi hawaumalizi.

Mtoto anaweza kupiga namba 116 bila malipo na kusikilizwa. Kwa mzazi asiyependa kuuliza mbele za watu, nitabaki barazani mwa ofisi ya kata baada ya mkutano.