Blenda ya Mkono na Chakula cha Mtoto

Kama uko jikoni wakati huu, endelea na kazi yako, mradi sikio liwe hapa. Leo tutazungumza juu ya chombo kidogo cha stima kinachoitwa blenda ya mkono. Si ile ya jagi inayokaa mezani. Hii unaishika kama tochi. Juu ina mota na kitufe, chini ina mguu mrefu, na mwishoni mwa mguu pana kisu kidogo kilichofunikwa na kikombe cha chuma au plastiki. Unaitumbukiza ndani ya sufuria yenyewe, unabonyeza kitufe, na chakula kinasagika papo hapo. Chombo hiki kilibuniwa Uswisi mwaka 1950, lakini wengi wetu tumekifahamu juzi tu, mara nyingi kikija kama zawadi.

Utauliza, muuguzi na blenda wapi na wapi? Ngoja nikueleze.

Kuna mama mmoja aliyekuwa akileta mtoto wake kliniki kila mwezi bila kukosa. Mtoto alipofika miezi 8, niliona mstari wa uzito katika kijitabu chake umelala. Miezi miwili mfululizo haukupanda. Mtoto hakuwa na homa, hakuwa akihara, na bado alikuwa ananyonya. Nikamuuliza mama, "Mtoto anakula nini?" Akanijibu kwa furaha, "Sista, huyu anakula kila kitu. Viazi, karoti, maharagwe, mchicha, hata maini. Dada yangu aliniletea blenda, navisaga vyote."

Kwa maneno, hapakuwa na kosa. Lakini kipimo cha uzito hakidanganyi. Nikamwomba ruhusa nimtembelee nyumbani siku atakayopika.

Nilipofika nilimkuta amechemsha chakula kizuri, kimeiva sawasawa. Akatumbukiza blenda, ikakwama. Akaongeza kikombe cha maji, ikazunguka kidogo. Akaongeza kingine, na kingine tena, mpaka kisu kikazunguka bila taabu. Kisha akachuja kwa chujio la chai ili kiwe laini. Kilichoingia katika kikombe cha mtoto kilikuwa kinatiririka kama chai ya maziwa, na makapi yenye nyama na maharagwe yakaenda kwa kuku. Mtoto akanywa, tumbo likajaa, akalala. Kumbe alikuwa ameshiba maji.

Nikiwa bado nafikiria niseme nini, mama akapindua blenda kisu kikaangalia juu, waya ukiwa bado kwenye soketi, akaanza kutoa nyuzi za nyama kwa kidole. Kando yake alisimama mtoto wake mkubwa wa miaka 3, macho yote kwenye kile kitufe. Nilizima swichi ya ukutani kabla sijafungua mdomo.

Mpenzi msikilizaji, nakusimulia haya kwa sababu mama huyo si mzembe. Ni mama mwenye bidii kuliko wengi. Ila hakuna aliyemweleza namna ya kutumia chombo hicho. Basi leo tuelezane.

Jambo la kwanza ni uzito wa chakula. Tumbo la mtoto ni dogo. Mtoto wa kilo 8 huweza kula takriban mililita 240 kwa mara moja, yaani karibu kikombe kimoja. Nafasi hiyo ukiijaza maji, chakula kitakaa wapi? Kwa hivyo, kabla ya kusaga, mwaga ule mchuzi katika bakuli na uuweke kando, usiutupe. Saga chakula kikiwa na unyevu kidogo tu. Blenda ikikwama, rudisha mchuzi kijiko kimoja kimoja, au ongeza maziwa ya mama uliyokamua. Bonyeza kitufe kwa vipindi vifupi huku ukipandisha na kushusha mkono polepole.

Kisha pima hivi: chota chakula kwa kijiko, ukiinamishe. Chakula kikibaki kijikoni au kikidondoka polepole, ni sawa. Kikimwagika kama maji, ni chepesi mno. Na tafadhali usikichuje. Ile nyama na yale maganda ya maharagwe ndiyo uliyohangaika kuyapika. Ongeza pia kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia ili mtoto apate nguvu zaidi.

Kumbuka kwamba kabla ya miezi 6 mtoto anahitaji maziwa ya mama pekee. Blenda isikutie haraka. Anapofika miezi 6, anza na vijiko 2 au 3 vya chakula kilichopondwa, mara 2 au 3 kwa siku. Ongeza kidogo kidogo mpaka afikie nusu kikombe cha mililita 250 kwa kila mlo. Kuanzia miezi 9 mpe nusu kikombe mara 3 au 4 kwa siku. Akitimiza mwaka, mpe robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima. Katikati ya milo mpe kitu kidogo kama ndizi au parachichi, na uendelee kumnyonyesha.

Jambo la pili ni kutafuna. Mtoto hujifunza kutafuna kama anavyojifunza kutembea, kwa kujaribu. Ukimsagia kila kitu mpaka atimize mwaka, siku utakapompa ugali atautema, nawe utasema mtoto huyu anachagua chakula. Mtoto aliyecheleweshewa chakula chenye vipande hadi baada ya miezi 10 anaweza kupata shida ya kula baadaye. Kwa hivyo blenda ni ya muda mfupi. Mtoto akianza kuzoea chakula, punguza kusaga ili vipande vidogo laini vibaki. Kisha weka blenda kando, uponde kwa uma. Kufikia miezi 8 watoto wengi wanaweza kushika kipande laini cha kiazi kitamu au ndizi na kujilisha wenyewe, nawe ukiwa karibu unamtazama. Akifika mwaka mmoja, ale chakula cha jamii nzima, kikikatwa vipande vidogo.

Tena ujue kwamba blenda haiivishi chakula. Maharagwe mekundu yasiyoiva yana sumu inayoleta matapishi na kuhara, na sumu hiyo huondolewa kwa kuchemsha vizuri, si kwa kusaga. Toa mifupa ya nyama na miiba ya samaki kabla ya kuanza. Usitegemee kisu kuimaliza.

Jambo la tatu ni usalama wako. Kisu hiki ni kidogo, lakini huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Hakijui nyama ya ng'ombe wala kidole cha mama. Shika kanuni hii moja, hata ukisahau nyingine zote: kabla ya kugusa upande wa kisu, zima swichi ya ukutani, kisha chomoa waya. Kuachilia kitufe pekee hakutoshi, kwa maana mkono wako mwingine, au wa mtoto, unaweza kukibonyeza. Hata waya ukiwa umechomolewa, toa kilichokwama kwa kijiko cha mbao, si kwa kidole. Stima ikipotea ukiwa kazini, chomoa papo hapo, usingoje irudi.

Hakikisha mikono yako ni mikavu na husimami penye maji. Sehemu ya juu yenye mota isiingie katika maji kamwe. Waya uliochubuka upelekwe kwa fundi, usifungwe kwa karatasi ya nailoni. Na ukiletewa blenda kutoka Marekani, soma maandishi yake kwanza. Stima ya Kenya ni volti 240, ya kule ni karibu nusu yake, na chombo cha kule kinaweza kuungua mikononi mwako. Ukimwona mtu amenaswa na stima, usimshike. Zima swichi kuu kwanza.

Kuhusu chakula cha moto, epua sufuria, uiweke mahali pasipoyumba, usubiri mvuke upungue. Sufuria isijae kupita nusu. Tumbukiza kisu chote ndani kwanza, ndipo ubonyeze kitufe. Ukimaliza, achilia kitufe, ungoja kisu kisimame kabisa, ndipo uinue. Ukiinua kikizunguka, mchuzi wa moto utarukia uso wako na wa mtoto aliye mgongoni. Kwa hakika, mtoto asiwe mgongoni wakati wa kazi hii.

Ikiwa mtu ameungua, mwagilia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai, siagi wala unga. Mtoto aliyeungua mpeleke kituo cha afya, hata kama jeraha linaonekana dogo. Ikiwa ni kidole kimekatwa, bana jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia kwa dakika 10, huku mkono umeinuliwa juu. Damu isipokoma, au kidole kikikataa kukunjika, nenda hospitali bila kuchelewa. Usisahau kuuliza juu ya sindano ya pepopunda.

Jambo la nne ni usafi. Chungulia chini ya kile kikombe kinachofunika kisu. Hapo ndipo chakula hujificha, na chakula kilichobaki kwenye joto ni shamba la vijidudu. Ukisagia mtoto kesho kwa chombo hicho, umempa kuhara. Kwa hivyo osha mara tu unapomaliza, kabla chakula hakijakauka. Chomoa waya, tenganisha mguu na mota kama vinatengana, sugua kwa brashi ndogo, sabuni na maji ya uvuguvugu, suuza kwa maji safi, kisha uache ukauke. Sehemu ya mota ipanguse tu kwa kitambaa chenye unyevu.

Saga chakula cha mlo mmoja. Kisikae nje kwa zaidi ya saa 2, na mabaki ya mtoto kikombeni usiyahifadhi. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kupika na kabla ya kumlisha. Mtoto akihara, mpe maji ya chumvichumvi ya ORS, zidi kumnyonyesha, umlete kituoni apate tembe za zinki.

Neno moja kwa wanaotunza wagonjwa wa kiharusi. Wengi wao hupata shida ya kumeza, na kwao chakula chepesi kama maji kinaweza kupita njia ya hewa na kuwapalia. Muulize mhudumu wa afya uzito unaomfaa mgonjwa wako. Mketishe wima unapomlisha, na asilale mara baada ya kula.

Sasa namsikia mama mmoja akisema, "Sista, mimi hata stima sina." Mama, usihuzunike, wala usikope pesa kununua blenda. Uma, mwiko, kinu na mchi vimelea vizazi. Omena waliokaangwa na kutwangwa, ndengu zilizopondwa kwa mwiko, kiazi na maini yaliyokwaruzwa kwa kijiko, vyote ni chakula bora. Blenda hupunguza kazi ya mkono, lakini haiongezi chochote katika sufuria.

Na yule mama wangu? Hakuitupa blenda yake. Aliacha kuongeza maji, akaweka chujio kwenye chai linakostahili, na akatafuta msumari juu ukutani wa kuitundika, mbali na mkono wa yule wa miaka 3. Mwezi uliofuata mstari katika kijitabu ulianza kupanda. Wa pili ukapanda tena. Alipokuja wa tatu, mtoto alikuwa ameshika kipande cha kiazi kitamu mkononi, akikitafuna kwa meno mawili, na hakutaka kukiachilia hata tulipompandisha kwenye mizani.

Mpenzi msikilizaji, leo jioni kabla ya kumlisha mtoto, inamisha kijiko uone. Na ikiwa mstari wa uzito wa mtoto wako umelala, usingoje mwezi ujao, njoo kliniki tuzungumze. Hadi tutakapokutana tena, mimi muuguzi wako nasema, kaa salama na uwe na afya njema.