Mgonjwa na Mwenye Kumuuguza

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyempa mwanadamu akili na kumtukuza kwayo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo, tunajiusia nafsi zetu na kuwausia ninyi kumcha Mwenyezi Mungu.

Ndugu Waislamu,

Khutba yetu ya leo yahusu mtihani uliozifika nyumba nyingi za Nyanda zetu za Juu Kusini. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma hupanda mlima Kitonga, hupita Mafinga na Uyole, kisha huteremka Iwambi. Kwa barabara hiyo twapata riziki, na katika barabara hiyo hiyo vijana wetu huumia vichwa, wengi wao wakiwa juu ya pikipiki.

Tumchukue kijana mmoja kwa mfano. Ameanguka na bodaboda. Amelazwa katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, au ile ya Mkoa wa Iringa. Pengine amepelekwa hadi Muhimbili, safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Siku za mwanzo nyumba imejaa watu. Miezi michache baadaye kidonda kimefunga, nywele zimeota, kijana anatembea. Majirani wanasema, "Alhamdulillahi, amepona," na kila mtu anarejea kwenye shughuli zake. Hapo ndipo mtihani wa nyumba ile unapoanza.

Kwani ubongo hauungi kama mfupa. Kijana aliyekuwa mpole sasa afoka kwa jambo dogo. Atumwa sukari dukani, arudi mikono mitupu, amesahau alichotumwa. Achoka upesi, na kelele za watoto zamuudhi. Wengine husema ni mvivu. Wengine hunong'ona kwamba amerogwa au ana jini. Madaktari wametufahamisha kuwa hayo aghalabu ni matokeo ya jeraha lenyewe, kwa sababu ubongo ndio utunzao kumbukumbu na kuzuia hasira. Nafuu mara nyingi huja upesi zaidi katika miezi 6 ya mwanzo, kisha huweza kuendelea polepole kwa miaka. Basi mwenye kumkaripia kijana huyo kwa usahaulifu wake ni sawa na ampigaye kiwete kwa kuchechemea.

Ndugu Waislamu,

Tukitaja subira ya ugonjwa, sote humkumbuka Nabii Ayyub, amani imshukie. Lakini ni mara ngapi tumemkumbuka mkewe? Wafasiri wanasimulia kwamba watu walipomkimbia Nabii huyo, mkewe ndiye aliyebaki kumhudumia. Wanasimulia pia kwamba katika dhiki ya maradhi yake Ayyub alimkasirikia, akaapa kumpiga. Mwenyezi Mungu alipomponya hakumsahau mama huyo. Katika Sura Sad tunaona Nabii akiamrishwa kushika kicha cha majani na kupiga kwacho, ili kiapo kitimie pasipo kumwumiza yule aliyemuuguza. Tazameni rehema hiyo! Mponyaji wa mgonjwa amemhifadhi pia mwenye kumuuguza.

Nasi je? Mama wa kijana wetu halali usiku. Ameacha genge lake sokoni. Baba ameuza shamba kulipia matibabu. Dada amekatiza masomo ili amwangalie kaka yake. Twamwuliza mama, "Mgonjwa anaendeleaje?" wala hatumwulizi, "Wewe umekula?" Huu ni upungufu wetu, na lazima tuutengeneze.

Kwanza, jamaa na majirani washike zamu. Mmoja akae na kijana asubuhi moja kwa wiki ili mama alale au aende sokoni. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Mwislamu kwa nduguye, na haki hiyo haiishi mwezi wa kwanza. Tena ziara iwe fupi na ya sauti ya chini.

Pili, msikiti utazame madeni ya nyumba hiyo. Miongoni mwa makundi 8 yanayostahiki Zaka wamo mafukara, masikini na wenye madeni. Aliyekopa kumtibu mwanawe akashindwa kulipa asisubiri hadi aombe hadharani. Hali kadhalika aelekezwe kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye kazi yake ni pamoja na kuwasaidia wasiojiweza.

Tatu, tusikatize tiba. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kujitibu, na dua ni silaha ya Muumini, viwili hivyo havigombani. Baadhi ya waliojeruhiwa ubongo hupatwa na kifafa. Dawa waliyopewa wasiiache pasipo idhini ya daktari. Akitapika mara kwa mara, akisinzia kupita kiasi au akipatwa na degedege, apelekwe hospitali saa ile ile.

Nne, tumrudishie kijana heshima yake. Apewe kazi ndogo, moja kwa wakati mmoja, na akumbushwe kwa upole. Katika ibada, asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali amelala ubavu. Na asiye na akili hana hesabu ya kalamu. Asiaibishwe akisahau rakaa. Wala tusidhani hana manufaa tena. Mjini Iringa, karakana ya Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Anglikana ya Ruaha, imewapa watu wenye ulemavu ufundi na kazi ya mikono. Jambo jema lafaa kuigwa popote lionekanapo.

Mwisho, enyi vijana mnaoendesha pikipiki: uhai ni amana. Utafiti wa nchi mbalimbali uliokusanywa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takribani asilimia 69. Kuivaa ni katika kufunga ngamia kabla ya kutawakali. Na kofia iliyoning'inizwa kwenye usukani hailindi kichwa cha mtu.

Ewe Mola wetu, waponye vijana wetu waliojeruhiwa, na uwarejeshee akili na nguvu zao. Wape subira mama zao na baba zao, uwape usingizi usiku na riziki mchana. Na utujaalie sisi kuwa majirani wasiochoka. Amin.

Wabillahi taufiq. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.