Mgonjwa haulizwi uji, lakini koo lake liulizwe



Juma hili nimechagua kuzungumzia jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya mamia ya mara kwa siku bila kulifikiria, nalo ni kumeza. Nalizungumza kwa ajili ya wale ambao kitendo hicho kimewashinda, yaani wagonjwa waliotoka katika chumba cha wagonjwa mahututi, pamoja na ndugu wanaowauguza.

Hapa Moshi, saa ya kuwaona wagonjwa inapokaribia, njia ya kwenda Hospitali ya KCMC hujaa watu waliobeba vikapu na hotipoti. Hospitali hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1971, hupokea wagonjwa wa rufaa wa kanda nzima ya kaskazini. Kwa hiyo kuna waliotoka Rombo, Marangu, Kibosho na Machame, na wengine wametoka Arusha hata Tanga. Ndani ya hotipoti hizo mna mtori, uji wa ulezi, supu ya mbuzi na chai ya maziwa. Huku mlimani kumpelekea mgonjwa chakula ni wajibu, na anayefika mikono mitupu husemwa.

Wahenga nao walituachia neno: mgonjwa haulizwi uji. Ni neno la huruma na mara nyingi ni la kweli. Hata hivyo, leo naomba ruhusa ya kulipinga kwa mgonjwa wa aina moja.

Ndugu msikilizaji, ndani ya koo zinakutana njia mbili. Moja inakwenda tumboni na nyingine inakwenda kwenye mapafu. Kila tunapomeza, misuli mingi hufanya kazi kwa zamu: ulimi husukuma tonge nyuma, kongomeo hupanda juu, njia ya pumzi hufungwa, na njia ya chakula hufunguka. Yote hayo hupita kooni kwa muda wa sekunde moja hivi. Zamu ikivurugika kidogo tu, tunapaliwa. Mtu mzima wa afya hukohoa, akafuta machozi, akaendelea kula.

Sasa mfikirie mgonjwa aliyewekewa mpira mdomoni, ukapita katikati ya nyuzi za sauti hadi kwenye njia ya pumzi, ili mashine impumulie. Amekaa nao siku saba au kumi, pengine akiwa amelazwa kwa dawa za usingizi. Siku mpira unapotolewa, ndugu hushangilia, na wana haki ya kushangilia. Lakini koo lile limechubuka na kuvimba, misuli yake imelegea kwa kukaa bila kazi, na hisia zake zimefifia. Ukimpa maji, yanaweza kuingia mapafuni wala asikohoe. Wataalamu huita hali hiyo kupaliwa kimya. Mlishaji huona mgonjwa amemeza vizuri, akaongeza kijiko cha pili na cha tatu. Baada ya siku moja au mbili homa inapanda, pumzi inakuwa ya shida, na kichomi kimeingia. Mtu aliyeponea ajali au upasuaji mkubwa anarudishwa kwenye mashine kwa sababu ya supu aliyopewa kwa mapenzi.

Wagonjwa wa namna hii si wachache kwetu. Wako majeruhi wa kichwa, ambao wengi wao hutokana na ajali za barabarani. Wako pia wa kiharusi. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti waliwafuatilia wakazi wa sehemu ya Wilaya ya Hai, hapa hapa mkoani, na baadhi ya wakazi wa Dar es Salaam. Baada ya hesabu kurekebishwa kwa umri, Hai ilionekana kuwa na wagonjwa wapya wa kiharusi zaidi ya 100 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Dar es Salaam ilikuwa na zaidi ya 300. Na katika siku za mwanzo za kiharusi, karibu nusu ya wagonjwa huweza kuwa na shida ya kumeza.

Je, kuna tiba? Ipo, na sehemu yake kubwa haihitaji mashine. Kwanza ni kupima. Mgonjwa akiwa macho kabisa na amekalishwa wima, muuguzi aliyefundishwa humpa kijiko kidogo cha maji, akaangalia kama anakohoa, kama pumzi inabadilika, na kama sauti yake imekuwa ya majimaji anapotamka "aa". Asipofaulu, hulishwa kwa mpira mwembamba wa puani mpaka apimwe tena. Ndugu wengi huuona mpira huo kama dalili ya kukatiwa tamaa. La hasha! Chakula kinafika tumboni, na mgonjwa hafi njaa.

Pili ni mazoezi. Mgonjwa hufundishwa kumeza kwa nguvu, kusukuma ulimi kwenye kaakaa, na akiweza, kulala chali na kuinua kichwa kutazama vidole vya miguu. Misuli ya koo ni misuli kama ya mguu: isipotumika hunyong'onyea, ikizoezwa hurudi. Tatu ni usafi wa kinywa, kwa sababu mate yanayoingia mapafuni kutoka kinywa kichafu huleta kichomi hata kama mgonjwa hajala kitu.

Wenzetu wa nje wamefika mbali zaidi. Jaribio lililofanywa Ujerumani, Austria na Italia, likachapishwa mwaka 2018, lilitumia umeme mdogo kuamsha koo za wagonjwa 69 wa kiharusi waliokuwa wametobolewa shingo ili wapumue. Karibu nusu ya waliopata umeme huo walifikia hali ya kuweza kutolewa mpira wa shingoni, wakati kwa wasioupata haikufika hata mmoja katika kumi. Ni habari njema, lakini isitufanye tukae kusubiri mitambo wakati kijiko cha maji na muuguzi aliyefundishwa vingeweza kuokoa watu leo.

Kuhusu vyakula vyetu, wengi hudhani supu nyepesi na maji ndivyo salama kwa koo bovu. Mara nyingi ni kinyume chake. Kitu chepesi hukimbia kuliko koo linavyoweza kujifunga. Mtori uliopondwa ukalainika, usio na nyuzi za nyama, hushuka polepole na kumpa mgonjwa nafasi ya kumeza. Machalari, yenye mchuzi mwepesi pamoja na vipande vya ndizi na nyama, ni mtihani mgumu, kwani mchuzi hutangulia wakati kipande bado kinatafunwa. Mbege pamoja na machicha yake ndiyo usiithubutu. Lakini hata mtori usubiri ruhusa ya waliompima mgonjwa.

Akisharudi nyumbani kihambani, utaratibu ni ule ule. Mkalishe wima, usimlishe akiwa amelala. Tumia kijiko kidogo, na usiongeze kingine kabla cha kwanza hakijamezwa. Usimsemeshe anapotafuna. Akimaliza, akae wima nusu saa. Akianza kukohoa kila anapokula, au homa ikizuka, arudishwe hospitali.

Wataalamu wa tiba ya usemi, ambao ndio wenye fani hii, ni wachache mno katika Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafundisha mwaka 2008. Kwa hiyo tusidhani kila wodi itampata wake upesi. Wauguzi na wataalamu wa viungo tunao, na wanafundishika. Ombi langu kwa wenye mamlaka ya hospitali zetu ni hili: pasiwe na mgonjwa aliyetolewa mpira wa kupumulia, au aliyepata kiharusi, atakayepewa chakula kabla koo halijapimwa. Na majibu ya kipimo yaandikwe juu ya kitanda kwa Kiswahili, ili shangazi aliyetoka Rombo na hotipoti yake ayasome.

Nawe uliyebeba hotipoti hiyo, usiione aibu kumuuliza muuguzi kabla ya kufungua kifuniko: "Je, ameshapimwa kumeza?"